Kuchagua mashine ya kulishia mbwa na paka katika Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafugaji wa mbwa na paka wa nyumbani katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Mashine ya kulishia ni nini hasa, na inafanyaje kazi?

Ni chombo kinachohifadhi chakula na kukitoa kwa saa na kiasi ulichopanga, bila mtu kuwapo. Aina inayouzwa zaidi ina tangi juu, gurudumu lenye mapanga ya mpira au plastiki chini yake, mota ndogo inayolizungusha na mfereji unaoshusha punje kwenye bakuli. Kila gurudumu linapogeuka hatua moja, hutoka sehemu moja ya chakula.

Aina ya pili ni trei ya duara yenye vyumba kadhaa vilivyofunikwa, ambayo huzunguka saa ikifika na kufunua chumba kimoja. Aina ya tatu haina mota wala saa: punje hushuka zenyewe kwa uzito wake kadiri bakuli linavyopungua. Hii ya tatu huitwa ya kujiendesha madukani, lakini haipimi chochote, na mnyama mlafi ataimaliza siku hiyohiyo.

2. Je, kila mwenye mbwa au paka anaihitaji?

Hapana. Nyumba ambayo kuna mtu mchana kutwa, na mnyama anakula vizuri asubuhi na jioni, haina sababu ya kununua. Mashine inamfaa mtu anayetoka Uyole alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi usiku, muuguzi au mlinzi wa zamu, mwenye paka anayemwamsha saa kumi usiku akidai chakula, na mwenye mnyama aliyenenepa ambaye anapaswa kula kidogokidogo kwa kipimo.

3. Mbwa wangu anakula ugali na dagaa. Mashine itamfaa?

Hili ndilo swali la kujibiwa kabla ya mengine yote, kwa sababu wengi hununua mashine kwanza na kufikiria chakula baadaye. Mashine ya gurudumu hutoa punje kavu za dukani tu, zenye ukubwa unaokaribiana, na nyingi zinataka punje zisizozidi milimita 12 au 15. Ugali hauwezi kushuka kwenye mfereji. Pumba hufanya vumbi linaloingia kwenye mota, na zikipata unyevu huganda kwenye tangi. Dagaa wakavu, hata wale wadogo wa Ziwa Nyasa, hujipanga kombo kwenye gurudumu, vichwa hukatika, na mapanga hukwama.

Kuna pia jambo la afya. Mahindi na pumba vikikaa katika chombo kilichofungwa vikiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa hata kama chakula kinaonekana kizuri kwa macho. Chakula kilichopikwa nyumbani kinapaswa kuliwa siku hiyohiyo, si kuwekwa akiba kwenye tangi.

Kwa hiyo, ikiwa mbwa wako ataendelea kula ugali, trei ya vyumba ndiyo mashine pekee inayoweza kumpa mlo wa mchana uliopikwa asubuhi, kwa masharti yaliyoelezwa katika swali la 17. Ikiwa unataka kumhamishia kwenye chakula kikavu, fanya hivyo kwa siku saba hadi kumi, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani kidogokidogo, na uhakikishe kwanza kwamba chakula hicho kinapatikana unapoishi mwaka mzima kwa bei unayoimudu. Mashine isiyo na chakula chake ni fedha iliyolala kabatini.

Kwa paka, tahadhari ni kubwa zaidi. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na anahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki na si kwenye nafaka. Akiikosa kwa muda mrefu hupata maradhi ya moyo na anaweza kupofuka. Punje za mbwa hazimtoshi paka, hata kama anazila kwa hamu.

## Kuchagua

4. Tangi liwe la ukubwa gani?

Dogo kuliko unavyofikiri. Katika hewa yetu yenye unyevu, chakula cha siku tano hadi saba kinatosha, na kilichobaki kikae kwenye mfuko wake wa asili uliofungwa vizuri. Tangi kubwa hufaa tu kwa mbwa mkubwa anayelimaliza ndani ya wiki.

5. Nitajuaje kiasi cha kupanga?

Anza na mnyama, si na mashine. Paka wa ndani mwenye kilo 4 huhitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Chakula kikavu kwa kawaida kina kilokalori 350 hadi 400 katika gramu 100, kwa hiyo kiasi chake kitakuwa kati ya gramu 50 na 70. Mbwa mzima wa kilo 10 mwenye shughuli za kawaida huhitaji kama kilokalori 600, yaani gramu 150 hadi 170 za chakula cha aina hiyo. Hizi ni namba za kuanzia. Soma maelezo ya mfuko, kisha mpime mnyama kila baada ya wiki mbili na urekebishe. Ukipapasa mbavu zake unapaswa kuzihisi bila kubonyeza kwa nguvu.

Hatua ya pili ndiyo ambayo wengi huiruka. Kitabu cha maelezo kikisema sehemu moja ni gramu 10, hiyo ni kwa punje za kiwanda kilichoipima, si kwa punje zako. Chukua mizani ya jikoni inayoonyesha gramu mojamoja, jaza tangi hadi nusu, iamuru mashine itoe sehemu 10, pima jumla na ugawanye kwa 10. Tuseme umepata gramu 85: kila sehemu ni gramu 8.5, na paka anayestahili gramu 60 kwa siku atapangiwa sehemu saba, labda mbili asubuhi, mbili mchana na tatu usiku. Rudia kipimo kila unapobadilisha aina ya chakula, maana punje bapa na punje za mviringo hujaza gurudumu kwa namna tofauti kabisa.

Vitafunio unavyompa kwa mkono vinahesabiwa pia.

6. Bakuli la plastiki au la chuma?

La chuma kisichoshika kutu, linalotoka. Plastiki hupata mikwaruzo inayohifadhi mafuta na vijidudu, na baadhi ya paka hupata vipele vya kidevuni kwa sababu hiyo. Kwa paka chagua bakuli pana lisilo na kina, asilazimike kukunja masharubu kila anapoinama.

7. Je, mashine ya waifai inayoongozwa kwa simu ina faida ya kweli?

Ina faida kwa anayerudi nyumbani kwa saa zisizotabirika, kwa kuwa atapata taarifa kwamba chakula kimetoka au kimekwama, na akiwa na yenye kamera ataona kama mnyama amekula. Kwa mwingine yeyote, mashine yenye vitufe na kioo kidogo inatosha, na ina vitu vichache vya kuharibika.

Ukiamua kununua ya waifai, hakikisha mambo mawili. La kwanza, nyingi hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, hivyo ruta iliyowekwa kwenye gigahezi 5 pekee haitaiona. La pili, na hili ndilo zito, ratiba ihifadhiwe ndani ya mashine yenyewe. Jaribu hivi: panga mlo wa dakika kumi zijazo, zima ruta, kisha subiri. Chakula kisipotoka, mashine hiyo inamtegemea mtoa huduma wako wa intaneti kumlisha mnyama, na siku bando likiisha naye atalala njaa. Vilevile usiiunganishe na intaneti ya simu yako ya mkononi, kwa sababu ukitoka nyumbani simu inaondoka nawe.

## Umeme

8. Umeme ukikatika mashine inasahau ratiba?

Inategemea. Mashine nzuri ina sehemu ya adapta na sehemu ya betri za dharura, na huhama kutoka moja kwenda nyingine bila kupoteza saa. Nyingine huhifadhi ratiba lakini husahau saa, kisha umeme ukirudi huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Mlo wa saa moja asubuhi hutoka saa tano. Kuna na zile zinazosahau vyote.

Usimwamini muuzaji kwa maneno. Panga ratiba, chomoa adapta kwa nusu saa betri zikiwamo, kisha mara nyingine betri zikiwa nje, na uangalie kioo kinasema nini. Umeme unaweza kukatika kwa sababu ya mvua ya radi, kwa matengenezo ya laini, au kwa sababu tu yuniti za Luku zimeisha ukiwa kazini. Mashine isiyopita jaribio la kwanza hailifai eneo letu, hata kama ni ya bei rahisi.

9. Nitumie betri gani?

Alkalini, hasa kwa zile mashine zinazotumia betri tatu kubwa za ukubwa wa tochi za zamani. Betri za bei ndogo za zinki na kaboni huonekana nzima, lakini mota inapovuta umeme mwingi kwa ghafla hushindwa kuligeuza gurudumu, na zikizeeka humwaga maji yanayokula vyuma vya ndani. Betri za kuchajiwa zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya mashine huzisoma kama zimekwisha tangu siku ya kwanza.

Baridi nayo hupunguza nguvu ya betri. Mtu wa Makete au Njombe, ambako mwezi Juni na Julai jalidi huonekana asubuhi kwenye majani, asiiweke mashine ya betri kwenye stoo isiyo na dari.

10. Naweza kuichomeka kwenye pawabenki au sola?

Mashine nyingi hutumia volti 5 kama simu, kwa hiyo inawezekana. Kasoro ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, na mashine ya kulishia huvuta kidogo sana hadi muda wa mlo ufike. Iache usiku kucha na uikague asubuhi kabla ya kuitegemea. Mfumo wa sola wenye betri na tundu la kuchajia simu hauna tatizo hilo mara nyingi.

11. Nimetumiwa mashine kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Soma kwanza maandishi madogo kwenye adapta. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa imeandikwa 100–240, unahitaji kiunganishi cha plagi peke yake. Ikiwa ni 110 au 120 pekee, itaungua papo hapo. Nunua adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile zilizoandikwa upande wa kutoa.

## Unyevu, wadudu na usafi

12. Naishi Tukuyu, na punje zinalainika ndani ya tangi. Nifanyeje?

Rungwe hupata mvua nyingi kuliko karibu maeneo yote ya Tanzania, sehemu nyingine ikizidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Desemba hadi Mei hewa yenyewe huwa na maji. Chukua punje moja kutoka chini ya tangi na uibonyeze kwa kidole gumba. Punje kavu hupasuka kwa mlio. Iliyokunywa unyevu hubonyea kama ganda la limau, na ukiisugua huacha utando wa mafuta kwenye kidole. Utando huo ukichanganyika na unga wa punje hufanya uji mzito unaogandamana kwenye mapanga ya gurudumu, na siku ya tatu au ya nne mashine hunguruma bila kutoa kitu.

Tafuta mashine yenye mpira wa kuziba kwenye kifuniko, kifuniko cha kubana kwa ndoana, na nafasi ya kuweka kifuko cha kukausha unyevu. Vifuko hivyo vibadilishwe kila mwezi wakati wa masika, na viwekwe mahali ambapo haviwezi kushuka pamoja na chakula. Jaza chakula cha siku tatu tu, si wiki. Mdomo wa kutolea chakula nao uwe na kizibo kinachojifunga, kwa sababu hewa yenye unyevu huingilia huko zaidi kuliko juu.

Chakula kilicholainika kisikaushwe juani na kurudishwa. Mafuta yake yameanza kuchacha, na ukungu hauondoki kwa jua.

Walio Chunya au Iringa mjini hawana shida hii kwa kiwango hicho, lakini mfuko uliofunguliwa nao umalizike ndani ya wiki sita.

13. Naweza kuiweka barazani au kwenye banda la mbwa?

Nyingi zimetengenezwa kwa matumizi ya ndani. Mvua ya upepo, umande na ukungu wa asubuhi vitaingia kwenye mota. Mbwa wa nje afungiwe mashine katika kona iliyoezekwa, ikiinuliwa na kufungwa ukutani, kwa kuwa mbwa mwenye nguvu hujifunza haraka kwamba mashine ikiangushwa kifuniko hufunguka.

14. Sisimizi na panya wanaingia. Kuna dawa?

Usipulize dawa ya wadudu karibu na chakula. Kwa sisimizi, simamisha mashine katikati ya sinia lenye maji kina cha kidole, na waya wa umeme upite juu, usiguse sakafu wala kuwa daraja. Kwa panya, chagua tangi la plastiki ngumu lisilo na pembe za kung'atwa, na punguza kiasi kinachobaki bakulini usiku. Sumu ya panya haipaswi kuwa katika nyumba hiyo kabisa: paka akila panya aliyesumishwa naye huathirika.

15. Isafishwe mara ngapi?

Bakuli kila siku. Tangi na gurudumu kila wiki, au kila mara kabla ya kujaza upya wakati wa mvua. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, na uache zikauke hadi kesho yake. Kitako chenye mota kifutwe kwa kitambaa tu. Kabla ya kununua, ifungue na kuifunga mwenyewe dukani. Mashine inayohitaji bisibisi ili gurudumu litoke haitaoshwa.

## Hali za pekee

16. Nina paka wawili, mmoja anamnyang'anya mwenzake. Mashine itasuluhisha?

Mashine ya kawaida yenye mirija miwili hugawa chakula, haigawi paka. Mbabe atamaliza lake na kuhamia la pili. Kuna mashine zinazofunguka kwa chipu iliyo chini ya ngozi ya mnyama, au kwa kitambulisho kwenye kola: paka mwenye namba yake akisogea, kifuniko hufunguka, na akiondoka hujifunga. Chipu zinazofuata kiwango cha kimataifa hutumia kilohezi 134.2 na zina namba ya tarakimu 15, hivyo uliza kama mashine inazisoma. Ni ghali, na ina maana zaidi pale ambapo mmoja anakula chakula cha matibabu. Vinginevyo, mashine mbili za kawaida katika vyumba viwili, zikitoa chakula dakika ileile, hutatua mengi.

Mbwa wawili wanaogombania chakula wasiwekewe mashine moja kamwe.

17. Mnyama wangu anakula chakula cha kopo au cha kupikwa. Kuna mashine yake?

Ni ile trei ya vyumba, na iwe na nafasi ya barafu chini. Chakula chenye majimaji kisikae zaidi ya saa nne bila ubaridi. Hali ya hewa ya Mbeya mwezi Julai ni baridi kwetu sisi, lakini chumba chenye jua la dirishani si friji.

18. Nina mtoto wa mbwa wa miezi miwili.

Bado. Anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na mashine inaweza kuitoa, lakini umri huo unahitaji jicho la mtu: kuona kama amekula, kama anaharisha, kama amebanwa na punje kooni. Anza nayo akifika miezi sita hivi.

19. Paka wangu ana kisukari na anachomwa insulini.

Ratiba ya chakula na sindano ipangwe na daktari wa mifugo, na mashine ifuate ratiba hiyo. Usimchome sindano ya jioni kwa kuamini tu kwamba mashine imetoa mlo. Thibitisha kwa macho kwamba amekula, kwani insulini bila chakula inaweza kumuua.

20. Anaiogopa. Mota ikiunguruma anakimbia.

Iweke mahali pake ikiwa imezimwa, mlishe kwa mkono kwenye bakuli lake kwa siku kadhaa, kisha uiwashe ukiwa karibu naye. Ni muhimu kutomharakisha, hasa paka, kwa sababu paka asiyekula kwa siku mbili au tatu anaweza kupata ugonjwa hatari wa ini. Akigoma kwa siku nzima, rudisha bakuli la zamani.

21. Nasafiri kwenda Dar es Salaam kwa siku nne. Mashine inatosha?

Haitoshi. Kwa paka mzima mwenye afya, usiku mmoja unavumilika ikiwa mashine imeshajaribiwa na maji yamewekwa katika vyombo viwili tofauti. Zaidi ya hapo, na kwa mbwa hata usiku mmoja, lazima mtu aingie walau mara moja kwa siku. Mashine haiwezi kuona kwamba maji yamemwagika au kwamba mnyama anatapika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, na wajibu huo haukabidhiwi kwa mota.

Mpe ufunguo jirani unayemwamini, muonyeshe namna ya kutoa chakula kwa kitufe, na umwachie namba ya daktari wa mifugo kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya tangi. Barabara ya Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Basi likiharibika njiani, yeye ndiye atakayekuwa karibu.

22. Nimeagiza Dar es Salaam na mzigo unakuja kwa basi. Nikague nini?

Fungua boksi palepale ofisini kwa basi kabla ya kusaini. Angalia ndoana za kifuniko, ambazo huvunjika kwanza, zungusha gurudumu kwa kidole uone kama halikwaruzi, na hakikisha adapta imo. Majaribio ya swali la 5, 7 na 8 yafanye siku hiyohiyo nyumbani, ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha.

23. Fundi anaweza kunitengenezea ya bomba la plastiki?

Anaweza, na kwa mbwa mmoja asiye mlafi inafanya kazi: bomba la inchi nne, kiwiko chini, kifuniko juu. Lakini hiyo ni ile aina ya tatu ya swali la 1, isiyopima. Unachoweza kufanya ni kuweka kipimo cha siku moja kila asubuhi. Kiwiko kitoke ili kioshwe, kwa kuwa punje zilizonasa kwenye kona yake huota ukungu bila mtu kuziona, na gundi ya bomba ikauke siku mbili au tatu kabla ya kutia chakula.